Nyota Moja na Nusu za Godoro

Nyota moja na nusu. Kati ya tano! Hiyo nusu mpaka leo sijui waliikata kwa mkasi gani, wala nani alibaki na nusu ya pili akaenda nayo kwake. Mimi ni fundi pikipiki, mwaka wa kumi na saba huu. Nimetukanwa na wateja, nimetukanwa na askari wa barabarani, nimetukanwa na bwana harusi aliyechelewa harusi yake kwa sababu ya klachi. Lakini kutukanwa kwa picha ya rangi, kwenye karatasi inayong'aa, ukurasa wa thelathini na nne, hilo lilikuwa jipya kwangu.

Hata hivyo kisa chenyewe si changu. Ni cha wifi yangu, dada wa mume wangu, na nitakisimulia mimi kwa sababu yeye akianza kusimulia anaishia kwenye magonjwa ya ng'ombe.

Watu wote wanamwita Bibi Mifugo. Miaka ishirini na mbili anazunguka na sindano, anachanja ng'ombe, mbuzi na kuku wa watu, na hakuna zizi la upande ule asilojua mlango wake unafungwa kwa kamba au kwa waya. Ni mfupi. Wala simsengenyi, mwenyewe anasema kwao walizaliwa wawili, kaka yake akakatwa kwenye jora na yeye akakatwa kwenye kitambaa kilichobaki. Kaka yake, mume wangu huyo, ni fundi cherehani, kwa hiyo utani wa vitambaa nyumbani kwetu hauishi.

Sitaki kusema uongo, miaka sita ya mwanzo hatukupikika chungu kimoja. Yeye alimtafutia kaka yake mwalimu, mtu wa chaki na viatu vyeupe, halafu kaka mtu akaleta mwanamke mwenye grisi kwenye kucha. Siku ya kutambulishwa alinipa mkono vizuri tu, akatabasamu, kisha akatoa leso mkobani akajipangusa vidole kimoja kimoja. Nililiona. Nikaliweka moyoni, na karakana yangu hakuikanyaga miaka sita yote.

Kisha mtamba mmoja mkorofi akambana kwenye uzio. Nyonga ikavunjika. Alilala miezi minne, na alipoinuka daktari alimwambia atatembea, lakini mguu ule asiunyanyue juu tena kwa kishindo. Sasa, pikipiki za ofisi yao ni zile ndefu za porini, zenye siti inayomfika mtu kifuani. Hata alipokuwa mzima alikuwa akizipanda kwa kukanyaga jiwe kwanza. Kila zizi lilikuwa na jiwe lake, analijua kama anavyomjua mwenye zizi. Kwa nyonga ile, hata upewe mlima ukanyage, mguu hauvuki. Basi ofisi ikamwambia atapewa meza, akae apige mihuri kwenye vibali vya ngozi.

Alikuja karakana siku hiyohiyo aliyoambiwa. Nilikuwa chini ya pikipiki ya mtu, nikaona ncha ya mkongojo na viatu vyeupe vya wifi mlangoni. Nikajua dunia imegeuka.

"Wifi," akasema, "una kigoda?"

Nikamsogezea kigoda changu cha kazi. Akakaa. Nyayo zote mbili zikatulia sakafuni.

"Hapa," akasema, akikipiga kigoda kwa kiganja. "Nitengenezee pikipiki yenye urefu huu."

"Wifi, pikipiki si samani."

"Ndiyo maana nimekuja kwa fundi pikipiki. Ningetaka samani ningekwenda kwa seremala."

Nilitaka kumjibu, nikamwangalia usoni, nikaona hana utani. "Wanataka kunipa meza," akasema. "Mimi meza nitaifanyia nini? Nikikaa nafa." Nikachukua futi ya kupimia, nikapima kigoda.

Ilinichukua miezi minane. Injini niliitoa kwenye mashine ya kupalilia iliyotupwa, ndogo, haina mbio lakini haina uvivu. Cheni nikaweka mbili, moja ya gurudumu la nyuma na nyingine ya gurudumu la mbele, ili likizama moja lingine livute. Matairi yalikuwa manene, mapana kama mto wa kulalia, niliyatoa kwenye kigari kibovu cha kubebea mizigo bustanini. Shokapu sikuweka kabisa, maana zingeinua siti. Tairi zenyewe ndizo shokapu, na kwa sababu hiyo upepo wake lazima uwe kidogo sana. Vipimo vyote vya upepo nilivyokuwa navyo vilianzia pale ambapo pikipiki ile imekwisha kuharibika. Nikawa napima kwa kidole gumba. Unabonyeza tairi, ukucha ukipotea wote, upepo unatosha. Usipopotea, punguza.

Mume wangu alishona siti, pana, yenye pindo mbili. Alipomaliza akaikalia, akabonyeabonyea, akasema, "Jamani, hii si pikipiki. Hili ni godoro lenye injini." Jina likaganda hapohapo.

Siku ya kwanza wifi aliliingiza Godoro kwenye shamba lililofurika nyuma ya karakana. Nilifumba macho. Nikasikia injini ikiguna mwendo uleule, haipandi haishuki, kisha akatokea upande wa pili, akageuka, akarudi. Tope lilimfika kwenye nyusi. Akatoa leso mkobani, akajifuta uso, halafu akanipa mimi nifute mikono. Hatukusema neno juu ya leso ile, lakini tangu siku hiyo sina ugomvi naye.

Miaka miwili alilitumia. Mwendo wake wa bibi harusi, ndiyo, mtoto mwenye baiskeli anakupita. Lakini kila alipotakiwa kufika alifika, na alishuka na kupanda mara thelathini kwa siku bila kumwomba mtu mkono.

Halafu ukaja waraka. Kuanzia mwezi ujao watumishi wote wa nje watapanda pikipiki za aina zilizokubaliwa tu. Za kutengeneza nyumbani zisionekane kazini, isipokuwa ile iliyojaribiwa na watu wanaotambulika. Wifi akaenda kwa Mkuu wa ofisi yao. Mkuu huyo si mtu mbaya. Ndiye aliyemfundisha wifi kushika sindano, enzi hizo akisifika kwa kushinda porini. Siku hizi yeye na karatasi, karatasi na yeye, na hata kuinuka kitini anashika meza kwa mikono miwili.

"Bibi Mifugo, mimi nakuamini," alimwambia. "Faili ndilo halikuamini. Niletee karatasi."

Ofisini kwake kulikuwa na jarida la pikipiki, lile ambalo kila toleo huchukua pikipiki na kuzipa nyota. Mkuu akasema jarida likiisifu, anaweka ukurasa kwenye faili, na Godoro linakubaliwa. Likiiponda, tarehe moja wifi anakaa kwenye meza ya mihuri. Tukakubali. Tungefanyaje? Watu wa jarida wakatuma gari, wakalibeba Godoro, na mimi nikabandika karatasi juu ya tangi kwa herufi kubwa: UPEPO: KIDOLE GUMBA. Nikajiona nimemaliza kazi.

Jarida lilipotoka tulilisoma karakana, wifi kwenye kigoda, mimi nimesimama nyuma yake. Kasi: haikufika themanini, sifuri. Kuruka: hairuki, sifuri. Sura: "kana kwamba imeketiwa na tembo." Haya, hiyo nilicheka kidogo. Breki ya mbele: nzito. Kweli ni nzito, hapo nilikubali. Taa: hafifu. Kweli pia. Matairi: "yanadunda kama mpira, usukani unamruka mpanda mikononi." Halafu mwishoni kabisa: "Siti iko chini mno. Huenda imetengenezewa mtu anayeogopa pikipiki."

Wifi aliisoma sentensi hiyo, akaweka kidole, akaisoma tena.

"Mimi?" akasema. "Naogopa pikipiki? Mimi?"

Na machozi yakamtoka. Mwanamke huyu nimemwona akimgeuza ndama tumboni mwa mamaye, mkono umezama mpaka begani, hana hata jasho la wasiwasi. Alikuwa analia kwa sentensi ya mtu asiyemjua. Hasira ilinipanda mpaka nikasikia masikio yanawaka. Nilichukua jarida nilitie kwenye moto wa kuchomelea.

Kilichonizuia ni lile neno, yanadunda. Godoro halidundi. Ni kitu kimoja ambacho haliwezi kufanya hata ulilipe. Nikaisogeza picha dirishani. Tairi za Godoro zikiwa na upepo wake huwa zimelala kidogo chini, kama mtu aliyeshiba. Za kwenye picha zilikuwa zimesimama mviringo, zimevimba, hazina hata kikunjo.

"Wamelijaza," nikasema. "Wifi, futa machozi. Wapumbavu hawa wamelijaza upepo!"

Kesho yake asubuhi tulikuwa mlangoni kwao. Ukumbi wao una picha za majalada ya zamani ukuta mzima, na katika picha zote zile hakuna pikipiki hata moja iliyogusa ardhi. Zote ziko hewani. Nikamwonyesha wifi kwa kidevu. Akasema, "Ng'ombe wao wanakaa mawinguni, bila shaka."

Godoro lilikuwa uani, limesukumiwa karibu na bomba la maji. Nikabonyeza tairi. Ni sawa na kubonyeza ukuta.

Mjaribu wao akatoka. Mtu wa kama miaka arobaini, buti za rangi tatu, mpole, ana adabu zake. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na jeuri, adabu ile ikanikera zaidi.

"Nani amejaza matairi haya?" nikamwuliza.

"Sisi, mama. Kabla ya jaribio pikipiki zote tunazijaza sawasawa. Ndiyo haki yenyewe. Hatumpendelei mtu."

"Ebo! Ukiwapima watu kumi macho, ukawavisha wote miwani ya mmoja, umewatendea haki?"

"Lakini mama, hukuandika kiasi cha upepo."

"Niliandika! Juu ya tangi, herufi kubwa kama mlango!"

"Uliandika 'kidole gumba'." Akainamisha uso. "Tulidhani ni utani. Kusema kweli tulicheka sana."

Nikalitazama gumba langu. Maana alikuwa na haki, bwana yule. Gumba la nani? Langu, lililobonyeza vyuma miaka kumi na saba, au la mtoto wa shule? Mimi katika karakana yangu nikisema gumba kila mtu anaelewa, nikasahau kwamba dunia nzima haijazaliwa karakana kwangu. Namba moja tu ingetosha, nami sikuiandika kwa sababu sikuwa nayo, na kwa sababu nilijiona fundi. Aibu ilinishika, naisema wazi.

Lakini aibu haikunikalia sana, kwa sababu wifi alikuwa ameomba kuona ile fomu wanayojazia alama. Akaisoma kwa utulivu kama anavyosoma cheti cha mnyama.

"La kupanda na kushuka liko wapi?" akauliza.

"Lipi?"

"Sanduku la alama. Kuna la kuruka, kuna la kasi, kuna la kupinda kona. La kupanda na kushuka silioni. Mimi nashuka mara thelathini kwa siku."

"Hilo hatuna, dada."

"La kusimama katikati ya tope, ukaanza tena bila kuanguka?"

"Hatuna."

"La kubeba chupa za chanjo zifike nzima?"

Mjaribu akakuna shingo. Akasema taarifa ya upepo anaweza kuomba iandikwe toleo lijalo, baada ya miezi miwili. Miezi miwili! Mwisho wa mwezi ulikuwa siku nne mbele. Mhariri wao naye akatoa kichwa dirishani, akasema jarida halirudii kazi yake, wakirudia mara moja basi kila fundi wa uchochoroni atakuja na matairi yake.

Fundi wa uchochoroni! Nilikuwa nimeshakunja mkono wa shati. Wifi akanishika kifundo cha mkono, hata hakuniangalia. Akainama juu ya mkongojo wake, akafungua kizibo cha tairi la nyuma, akabonyeza. Upepo ukatoka, fyuuu, mrefu, mpaka mhariri akafunga dirisha. Wifi akabonyeza tairi kwa gumba lake, akaachia tena kidogo, akabonyeza. Akafanya hivyo na la mbele. Kisha akajinyoosha.

"Kesho asubuhi nina mazizi kumi na moja ya kuchanja," akamwambia Mjaribu. "Njoo na pikipiki yako ya nyota nne na nusu tufuatane."

"Kesho nina kazi nyingine, dada."

"Sawa," akasema wifi, uso mkavu. "Au unaogopa pikipiki?"

Akaja. Nitampa sifa yake, alikuja kabla yetu, na pikipiki ndefu inayong'aa, na kwenye begi lake tulimwekea nusu ya chupa za chanjo, zimezungushiwa barafu na matambara. Nusu nyingine ilikuwa kwenye kisanduku mapajani mwangu, mimi nimepakiwa nyuma ya Godoro.

Zizi la kwanza alifika mapema mno, tukamkuta amevua kofia, amestarehe. Zizi la pili hivyohivyo, alikuwa ameshazoeana na mbwa. Nilianza kutoa jasho. Wifi wala hakuwa na habari, anachanja, anaandika, anapanda, twende.

Baada ya zizi la tatu kuna bonde la udongo mweusi, na juzi yake mvua ilikuwa imenyesha. Mjaribu aliingia kwa kasi, kama walivyozoea kwenye picha zao. Gurudumu la nyuma likachimba, likarusha tope juu, likazama. Akashuka, akasukuma, akapanda, akazama tena. Sisi tulipita kando yake, Godoro linaguna tu, nikampungia mkono. Wifi akanigombeza. "Usimcheke mtu aliye kazini," akasema, akasimama, akamtupia kamba, tukamvuta.

Zizi la tano alikuwa anaurusha mguu kuvuka siti kwa kuuvuta kwa suruali. Zizi la sita pikipiki ilimlalia, siti ndefu, tope chini, mguu haukupata pa kukanyaga. Hakuumia, lakini begi lilianguka upande wa mawe. Tulipolifungua chupa tatu zilikuwa zimepasuka na chanjo imelowesha matambara. Mwenye zizi alikuwa amesimama na mbuzi wake kumi na wanane amewafunga tayari. Mjaribu alizitazama zile chupa, akamtazama yule mzee, akaanza kuokota vipande vya kioo. Wifi akatoa za akiba kwenye kisanduku changu, akaendelea. Hakumsimanga hata kidogo, na nadhani lingekuwa jambo rahisi zaidi kwake kama angemsimanga.

Zizi la nane wifi akamwambia, "Panda hili, uende mpaka ule mti, urudi."

Akalipanda Godoro. Nyayo mbili chini. Akaingia kwenye tope, akasimama katikati makusudi, akaweka miguu, akaondoka tena. Akarudi.

"Halidundi," akasema.

"Halijawahi kudunda!" nikamfokea. Nilikuwa nimelisubiri neno hilo tangu jana.

Tulipomaliza zizi la kumi na moja aliomba karatasi kwa wifi, akaandika akiwa ameegemea kisanduku cha chanjo. Akaandika kwamba tairi zilijazwa upepo kinyume cha utengenezaji, kwamba alichokijaribu hakikuwa pikipiki iliyoletwa, na kwamba fomu yao haina mahali pa kuandika kazi ambayo chombo kile kinafanya. Akaweka sahihi. "Mhariri atanikaanga," akasema. "Na nyota siwezi kuzibadilisha. Zimeshachapwa."

"Ziache," akasema wifi.

Jioni ile akaja karakana. "Nichoree tangi," akaniambia.

"Nikuchoree nini?"

"Nyota. Moja na nusu. Rangi ya njano, kubwa, mtu azione akiwa mbali. Hizo ndizo walizonipa, na hizo ndizo nitakazotembea nazo. Wasije wakadhani nimezificha."

Nilichora. Ile nusu niliikata wima kwa rula, safi kabisa. Chini yake nikaandika upepo kwa namba, maana nilikwenda kuazima kipimo cha upepo kidogo kwa mtu wa mizani na vipimo, na chini ya namba nikaandika: au kidole gumba. Hiyo sikuifuta, na siifuti.

Siku ya mwisho ya mwezi tukaenda kwa Mkuu. Tuliingia tukaiona kabla hajasema lolote, meza ndogo karibu na dirisha, kiti, na juu ya meza muhuri mpya, bado umo kwenye karatasi yake. Wifi aliutazama muhuri ule kama mtu anavyotazama kitanda cha hospitali.

Mkuu akaisoma barua ya Mjaribu mara mbili. Akavua miwani.

"Bibi Mifugo, hii ni barua ya mtu mmoja. Jarida ni jarida. Faili litaniuliza."

"Mkuu," akasema wifi, "mara ya mwisho kwenda mazizini ilikuwa lini?"

"Mimi? Kazi za hapa ndani, unajua mwenyewe..."

"Sikuulizi kazi za ndani. Umenifundisha wewe. Ulikuwa huonekani nyumbani mpaka shemeji anakuja hapa kukuulizia. Lini?"

Mkuu aliangalia mikono yake juu ya meza.

"Miaka minane," akasema. "Goti hili halikunji. Nilianguka nikipanda, pale uani, mbele ya vijana wote. Wakaniinua wanne. Nikasema basi, inatosha."

"Ukakubali meza."

"Ningefanya nini?"

"Mimi siikubali," akasema wifi. Sauti ilikuwa inamtetemeka, na hakuificha. "Sikubali, Mkuu. Nipe adhabu, nipe barua ya onyo, nifukuze ukitaka. Kwenye kiti kile sikai. Kesho asubuhi nitakwenda mazizini hata kwa kutambaa." Akatoa ufunguo wa Godoro, akauweka juu ya faili. "Lakini kabla hujaandika chochote, shuka nami uani."

Alishuka ngazi moja moja, ameshika ukuta. Alipoliona Godoro na nyota zake alitaka kucheka, akajizuia. Akalizunguka. Akaweka mkono kwenye siti ya mume wangu. Kisha akakaa, tu, kama mtu anavyokaa kwenye kigoda, na goti lile lisilokunja likanyooka mbele, na nyayo zake zote mbili zikagusa ardhi.

Alikaa hivyo muda mrefu. Mimi nilitazama pembeni, maana uso wa mtu mzima ukiwa vile haufai kutazamwa.

"Gia ya kwanza iko wapi?" akauliza.

Alizunguka ua mara moja. Mara ya pili karani wake akatoa kichwa dirishani, akaita, "Mkuu, simu!" Alimsikia, nina hakika alimsikia, kwa sababu ndipo alipoongeza moto akatoka nje ya geti. Tulibaki tumeduwaa. Wifi akakaa kwenye ngazi, mimi nikakaa karibu naye, watumishi wakajaa madirishani. Dakika tano, dakika kumi. Nusu saa nzima ilipita ndipo tuliposikia ile nguno, akaingia, tai imegeukia mgongoni na tope mpaka kwenye miwani.

Hakushuka. "Nileteeni faili," akasema.

Akalifungua juu ya tangi, akaandika kwa mkono wake, nasi tukasoma kichwa chini: *Pikipiki hii nimeijaribu mwenyewe. Inafaa.* Karatasi aliyokuwa akiitaka siku zote akawa ameiandika yeye.

"Fundi," akaniambia, "na mimi nitengenezee. Urefu huuhuu. Na tangi ulichore hivyohivyo."

"Nyota zote, Mkuu?"

"Zote. Na ile nusu usiisahau." Kisha akakumbuka jambo, akakunja uso. "Lakini hii haijakamilika. Inahitaji muhuri."

Wifi hakusubiri mtu atumwe. Alipanda ngazi kwa mkongojo wake, akaenda kwenye ile meza ya dirishani, akauvua muhuri mpya karatasi yake. Akateremka nao. Akaugandamiza kwenye faili kwa kiganja, kwa nguvu zake zote, Godoro likabonyea kidogo. Kisha akamwachia karani muhuri ule, akachukua kisanduku chake cha chanjo, akamwomba Mkuu ashuke, kwa sababu kulikuwa na mbuzi wanamsubiri.